Jumamosi Zote Zimejaa

Mshauri mpendwa, nisaidie maana hata sijui nianzie wapi, mimi ni mke wa mkulima huku Michigan ya magharibi, nina miaka sitini na moja, na tangu tuuze ng'ombe wa maziwa mimi na mume wangu Harm tumeligeuza banda lao kuwa ukumbi wa harusi, tumesugua sakafu, tumetundika taa, watu wanatoka hata Chicago kuja kuoana pale palipokuwa pananuka samadi, na sisi ni watu wa kanisa, Jumapili hatukodishi hata uje na gunia la dola, na kila mtu hapa anajua hivyo.

Sasa mwezi uliopita wakaja mabinti wawili, Corinne na Tess, nikawaandalia kahawa na pai ya tufaha nikidhani mmoja ni bibi harusi na mwenzake mpambe, nikauliza, "Na bwana harusi yuko wapi, kazini?" wakatazamana wakacheka, Tess akasema, "Mama Alida, bwana harusi hayupo. Tunaoana sisi." Mshauri, mimi naamini ndoa ni ya mume na mke, ndivyo nilivyolelewa na ndivyo ninavyosoma, lakini mwanangu alishanionya kwamba sheria ya jimbo letu sasa haimruhusu mwenye biashara kumkataa mteja kwa jambo kama hilo, nikaona nikisema ndiyo namkosea Mungu, nikisema hapana naburutwa mahakamani, basi mdomo ukafunguka wenyewe nikasema, "Jumamosi zote zimejaa, wanangu, mpaka theluji ianguke," na kalenda ilikuwa ukutani nyuma yangu, nyeupe pe, nikasimama nimeiziba kwa mgongo mpaka miguu ikauma, na wale watoto wakanishika mkono, "Hongera, Mama Alida, mambo yamewanyookea!" wakaacha namba ya simu, nafasi ikipatikana niwaite.

Harm aliposikia hakupiga kelele, afadhali angepiga, alisema tu, "Mama watoto, ungewaambia hapana na sababu yake, ningesimama nawe mbele ya hakimu. Ungewaambia ndiyo, ningepanga viti. Uongo huu nisimame nao wapi?"

Na juzi Corinne kapiga simu, sauti ya upole, akasema hawatafuti ukumbi mwingine, wameahirisha mpaka mwakani, kwa sababu baba yake, mzee Dewey, alikamua ng'ombe katika banda lile miaka kumi na tisa akimfanyia kazi baba mkwe wangu, na anataka kumsindikiza binti yake pale pale, ila mapafu yamechoka, sasa anatembea na mtungi wa oksijeni, "Tunaomba tu afike mwakani," akasema, nami nikajibu, "Tutaomba pamoja," mshauri, nilisema hivyo kweli, halafu nikakaa sakafuni. Niwaite? Ninyamaze? Nikiwaita niseme nini, na kuhusu ndoa yenyewe bado naamini ninavyoamini? Sili, silali, kichwa kinanizunguka.

Alida wa Bandani
(Majina yamebadilishwa.)

Dada Alida,

Kichwa kinakuzunguka kwa sababu umefunga mambo mawili fungu moja. Yafungue.

La kwanza ni la imani. Sitakuambia uamini nini kuhusu ndoa, mimi si mchungaji wako, na hakuna sheria inayoingia kichwani mwako kukagua. Lakini ukumbi umeufungulia umma, na kwa sheria ya jimbo lenu mlango huo ukifunguliwa umefunguliwa kwa wote. Jumapili unamfungia kila mtu, ndiyo maana hakuna aliyekushitaki. Basi mkodishe kwa wote, au muache harusi kabisa mrudishe nyasi kavu bandani. Wapo wanaopigania njia ya tatu, ya kumkataa mteja kwa sababu ya imani, na majaji wenyewe hawajamaliza kubishana. Ukiitaka hiyo tafuta wakili, mimi ni mwandishi wa gazeti tu. Kaa na Harm mchague. Mume wako ana akili, msikilize.

La pili ndilo linalokunyima usingizi, na halina utata wowote. Ulidanganya. Usijifiche nyuma ya Mungu, dada, hakukutuma. Ulitaka usimkosee Yeye, usikutane na hakimu, na mabinti waliokula pai yako wazidi kukupenda, vyote kwa mpigo, na anayeumia ni mgonjwa asiyejua lolote. Nakuonea huruma kwa kukaa sakafuni, lakini lile la "tutaomba pamoja" limenichemsha damu.

Usisubiri mpaka uamue lile la kwanza. Mapafu ya mzee hayana wiki za kuchezea. Piga simu leo, kabla ya chakula cha mchana. Usianze na imani, usianze na sheria, wala na jinsi unavyoteseka. Sema hivi: "Corinne, nilikudanganya. Jumamosi zilikuwa wazi." Mweleze kwa nini, kwa ufupi, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata akikutukana. Akiuliza kama banda atalipata, mwambie jibu ni kesho jioni, na kesho jioni mpe. Mkiamua kuacha harusi, atatafuta kwingine wakati baba yake bado ana pumzi ya kutembea naye. Mkiamua kuendelea, mpe Jumamosi ya karibu kuliko zote.

Na ndiyo, anaweza kukushitaki kwa maneno utakayoyatamka leo. Piga simu hivyo hivyo.