Sahani ya Baba Tangu Uondoke

Mama yangu,

Nianze na lile ambalo ungeniuliza kabla hata sijavua viatu: kidole cha mguu cha baba hakitakatwa. Daktari wa kule Parklands amekiangalia leo asubuhi, akakibonyeza huku na huku, akavua glavu zake na kusema, "Mzee, hapa pamepona." Baba alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Aliivaa pale pale mbele ya daktari, akaivua, akaivaa tena. Mimi nilitoka nje nikajifanya napiga simu, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Wewe hukukijua kidonda hiki. Sukari yake uliijua, na kila asubuhi ulimwekea vidonge kando ya kikombe. Kidonda kilikuja baada ya wewe kuondoka. Kiatu kipya kilimchubua kidole gumba, akanyamaza, unamjua. Siku aliponiita nimsaidie kuvua soksi, ilikuwa imegandia kwenye nyama.

Siku hiyo ya kwanza daktari hakutuficha. "Hii sukari isiposhuka, kidole itabidi kitolewe," alisema. "Na tukianza kukata, hatujui tutaishia wapi." Kisha akauliza, "Nyumbani nani anapika?"

Baba alinitazama. Mimi nikatazama ukuta.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa akipika, mama. Baba alikuwa akila mkate na soda mchana, mimi nikirudi kutoka chuoni mjini napitia chipsi, tunakula kila mtu na kiti chake, televisheni ikiongea peke yake. Naweza kuweka nyaya za umeme kwenye nyumba nzima, lakini nilikuwa sijui ugali unaanza na maji au unga. Unakumbuka nilivyokuwa nikisomea kwenye meza ya jikoni? Ulikuwa ukirudi kutoka kazini na fungu la majani ya kunde ulilonunua Dagoretti Corner, unalimwaga juu ya vitabu vyangu na kusema, "Soma na mikono ikifanya kazi." Nilichambua majani mengi sana. Kilichofuata baada ya kuchambua sikukitazama hata siku moja, kwa sababu wewe ulikuwepo.

Jumamosi iliyofuata shangazi Ndinda alikuja kumwona ndugu yake. Aliangalia ile bandeji, akaketi, akaanza. "Ni hiyo muthokoi na chapati ya mama yako ndiyo ilimletea ndugu yangu hii ugonjwa. Kila siku kupakua tu, kupakua tu. Sasa ona."

Niliondoka nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa tayari safi. Maneno yale yalinikaa kifuani wiki nzima, mama. Nilikuona ukisimama pale jikoni ukichanganya muthokoi, yale mahindi yako ya kukoboa, na ndengu, ukionja, ukimwita baba aje akiwa bado na tai shingoni, nikajiuliza kama kweli inawezekana kumuumiza mtu kwa kitu ulichompa kwa upendo hivyo.

Basi nikaamua kufuta kila kitu. Nilisoma kwenye simu, huyu anasema hivi, yule anasema vile, nikapika nilivyoelewa: kabichi ya kuchemsha, kuku asiye na ngozi, hakuna ugali, hakuna chapati, na muthokoi usitajwe. Baba aliisukuma ile sahani kwa kidole.

"Mutuku, hii ni chakula ya mtu ama ya sungura?"

"Kula tu, baba. Ni kwa ajili ya mguu."

Alikula. Nikafurahi, nikidhani nimeweza. Kumbe sivyo. Alasiri moja niliposhuka Dagoretti Corner nikitoka chuoni, nilimwona ndani ya kibanda cha chai, mguu wenye bandeji ukiwa juu ya kreti, mandazi mkononi, na mbele yake chai ambayo hata kwa mbali ungejua ina sukari ya kutosha watu watatu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa daktari. Niliketi mbele yake.

"Baba, unataka wakukate?"

Alilitua lile andazi. "Unajua ni nini ilinileta hapa?" akasema. "Ile nyumba. Kila siku nikiamka umeondoa kitu ya mama yako. Jana chapati, leo muthokoi. Nikikaa kwa meza sijui niko kwa nani. Hapa angalau kuna watu wananisalimia."

Nililipa ile chai. Tulirudi nyumbani Waithaka, yeye akiniegemea begani.

Wiki hiyo niliomba tupelekwe kwa mtaalamu wa lishe wa pale kliniki, dada mmoja mpole anayeitwa Wanjiru. Nilidhani atanipa orodha ya vitu vya kukatazwa. Badala yake alimgeukia baba. "Mzee, mama akiwa hai mlikuwa mnakula nini?"

Ungemsikia, mama! Baba aliinuka kitini. Alimweleza kuhusu muthokoi na ndengu, kunde za maziwa, mchicha wa terere, viazi vitamu vya asubuhi, chapati za Jumapili. Alieleza kama mtu anayesifu timu yake. Wanjiru akamsikiliza hadi mwisho.

"Huyo mama alikuwa anawalisha vizuri," alisema. "Hiyo chakula haina makosa. Shida ni vile unapakua, na hiyo sukari ya chai, na hizi soda na mkate za juzi juzi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe usimnyime ugali kabisa. Anameza dawa. Sukari ikishuka sana pia ni hatari."

Nilimwomba arudie. "Haina makosa?"

"Haina."

Siwezi kukueleza mzigo ulionitoka pale. Nilikuwa nimekuja kutafuta namna ya kuuponya mguu, nikarudishiwa wewe pia.

Kisha alinifundisha kupanga sahani kwa mkono wa baba mwenyewe. Ngumi yake ndiyo kipimo cha ugali au muthokoi. Kiganja ndicho kipimo cha nyama, samaki au mayai. Mboga zijaze nusu ya sahani, na tunda lije kando, zima, si juisi. Tangu hapo kila Jumapili baada ya kanisa tunaketi na baba kupanga wiki. Jumatatu tukila ndengu, Jumanne tunapika omena, wale dagaa wa ziwani, siku nikichelewa chuoni kuna maharage yaliyochemshwa tayari. Yeye hubisha kila kitu. "Terere tena?" Nami namwambia achague yeye, anachagua managu, mboga ya majani vilevile, na hapo ameshanaswa. Chapati zipo bado, moja, Jumapili, na anaila polepole kama mtu anayesoma barua.

Nimeunguza sufuria, mama, hata ile kubwa. Kunde zangu za kwanza zilikuwa na mchanga. Lakini televisheni huwa tunaizima, na tunakula mezani, na baba ananisimulia mambo yako ambayo sikuyajua, kama vile ulivyomkataa mara ya kwanza kwa sababu ya viatu vyake.

Shangazi alikuja tena mwezi uliopita. Baba alimpakulia yeye mwenyewe, akampimia kwa ngumi, akamwambia, "Hii ni chakula ya Mama Mutuku. Kliniki wamesema niendelee." Shangazi alikula yote. Alipomaliza aliuliza kama kuna ya kubeba.

Leo tumetoka Parklands jua likiwa kali. Kipimo kile cha sukari kinachoonyesha miezi iliyopita kimeshuka pia, na daktari amesema dawa hazitaongezwa. Njiani baba alitaka kutembea kidogo. Nilimwacha atangulie. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni, na alikuwa akitembea, mama, hachechemei, akisimama kusoma kila bango kama mgeni mjini.

Kesho nina mtihani. Tangu ulipotuacha nimesoma kila kitabu nikiwa na sikio moja kwenye chumba cha baba, kusikia kama anaugua. Leo ameniambia nimkabidhi jiko. "Enda usome," amesema. "Mimi nitapika." Nasikia maji yakimiminwa, na kisu kikigonga ubao, taratibu, kisu cha mtu asiye na haraka.

Usikae macho kwa ajili yetu tena, mama. Tumeshiba.

Kifungua mimba wako,
Mutuku