Damu ya Baba Yako Imepunguza Mbio

Mombasa

Mke wangu mpenzi Habona,

Pokea salamu nyingi kuliko maji ya Tana wakati wa mafuriko. Hujambo, kipenzi? Mama hajambo? Mimi ni mzima, ila moyo wangu niliuacha Garsen siku ile nilipopanda lori. Sitaki kurudishiwa, nitunzie.

Najua unangoja habari za kifua cha baba yako. Hapa hospitalini ninapofanya kazi, daktari alinipa mimi kazi ya kumpima damu. Tunaitia katika kibomba chembamba cha kioo, tunakisimamisha, kisha tunatazama inavyozama. Ikizama upesi, ugonjwa ni mkali. Nilikiweka mezani kando ya kitanda chake, na damu yake ikazama mbio, juu kukabaki maji maangavu.

Baba akafurahi. "Tazama, mkwe. Imetuama kama maji mema ya mtungini. Nimepona. Nitafutie lori, shamba linaningoja." Akaanza kufunga mzigo.

Mpenzi, ningembishiaje baba mkwe, nami nimekuoa juzi tu? Nikajitoa damu yangu, nikaisimamisha kando ya yake. Tukangoja. Yangu ilishuka kidogo tu.

"Masikini," akasema, "damu yako tope tupu. Kumbe binti yangu nimemwoza mgonjwa." Wodi nzima ikacheka.

"Baba, mimi ndiye mzima," nikamjibu taratibu. "Damu si maji ya mto. Iliyo nzima haina haraka ya kuzama. Yako inataka sindano."

Akavitazama tena vile vibomba. Kisha akafungua mzigo, akajilaza. "Haya, waambie walete hiyo sindano."

Amechomwa penisilini, na jana nilipompima tena, damu imepunguza mbio. Sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta. Daktari anasema mapafu yaliyochakaa kwa moshi hayatakuwa mapya, lakini akiuepuka moshi atalima bado. Mimi sina shaka, Habona. Nitamleta mwenyewe nikipata ruhusa, nami nikuone, ua langu.

Ameniagiza jambo moja: kaka yako alibomoe lile banda lake la kukaushia samaki kwa moshi kabla baba hajafika. "Nikilikuta limesimama," anasema, "nitaingia."

Nisalimie mama, kaka yako, na shangazi aliyetupikia siku ya harusi. Wewe salamu hazikutoshi, ndiyo maana naja.

Mumeo anayekuota hata mchana,
Komora