Usimtangulize Valerian

Mtaa wa Ndoro,
S.L.P. 118,
Lindi.
14 Machi 1999

Mpendwa kaka Erasmo,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Habari za huko Tunduru, habari za mvua, na kile kifua chako kinachokohoa kila masika kinaendeleaje? Natumaini unavaa lile sweta la mtumba nililokupa, hata kama rangi yake uliicheka mbele za watu.

Sisi hapa hatujambo kwa neema ya Mungu. Mama goti linamsumbua asubuhi tu. Jua likipanda analisahau na kuanza kugombana na kuku wa jirani. Mimi mimba imeingia mwezi wa sita. Nimekuwa mzito kama gunia la chumvi, na bado nasimama dukani kwa Mzee Valimohamed kutwa nzima nikikunjua na kukunja vitenge. Mtoto anapiga teke sana. Mama anasema ni wa kike, kwa sababu tangu nimshike nimekuwa mkali.

Barua yako ilifika salama. Hii ya kwangu anakuletea Valerian mwenyewe, kwa hiyo wakati unaisoma mume wangu atakuwa amekaa hapo mbele yako, ana tope mpaka magotini, anasubiri mtaniane kama kawaida ya mashemeji. Nakuomba uisome yote kwanza.

Kaka, naogopa. Sitaki kuzunguka mbuyu.

Uliandika: "Mleteni Valerian. Si mnajua, kwenye timu yangu yeye ni namba moja." Mama alicheka. Valerian alisimama akajipiga kifua, akaenda kutafuta mabuti yake chini ya kitanda. Mimi peke yangu sikucheka, kwa kuwa timu yako naijua, na namba moja wako najua huwa anafikia wapi.

Unakumbuka jioni zile, duka likishafungwa, tumebanana mbele ya kompyuta ya Aliraza, mtoto wa Mzee Valimohamed? Baba yake alidhani ameinunua kwa ajili ya hesabu za duka. Gemu lile lilikuwa na masahaba saba, lakini pangoni wanaingia wanne tu, na watatu wanabaki kambini wakiota moto. Mimi niliwasomea Kiingereza chake, na majina tuliwapa wenyewe. Mpiga upinde akawa Erasmo. Mbeba ngao, yule mpana wa mabega asiyesema neno, akawa Valerian. Mbilikimo mwenye nyundo na matusi tukamwita Likwata, na Aliraza akamchukua yule mchawi wa moto, kwa sababu akipiga, kioo kizima kinawaka. Mimi nilichagua mganga, bibi kizee anayetembea polepole, nikampa jina la marehemu bibi yetu Fortunata.

Jinsi tulivyogombana juu ya nani aende na nani abaki! Wewe bibi yangu ulimwacha kambini kila safari. "Anatuchelewesha huyo," ulisema, kana kwamba tuna basi la kuwahi. Mbeba ngao hukumwacha hata siku moja. Ulimweka mbele kabisa, wewe na upinde wako nyuma, na mishale yote ya maadui ikaishia kwake. Valerian alikuwa hagusi kompyuta, anatazama tu. Akiona jina lake linaanguka tena analalamika: "Shemeji, mbona kila siku mimi?" Nawe unamjibu: "Shemeji, wewe una nyama nyingi." Tunacheka mpaka machozi. Kisha unamwekea tunda la uhai mdomoni, anaamka, anajipangusa, unamweka mbele tena.

Wakati ule nilicheka kuliko wote. Sasa sicheki tena.

Maana katika barua yako kuna mstari mmoja uliouandika kwa haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa. Umesema nafasi imepatikana katika shimo lenu la vito kwa sababu Pazi alifukiwa na kifusi mvua ilipozidi, Mungu amrehemu. Halafu mstari unaofuata unauliza kama Valerian bado ana nguvu za zamani. Kaka yangu! Pazi alikuwa wa ngapi katika mstari? Nimelisoma neno hilo peke yangu stoo, katikati ya marobota ya vitambaa, nikaketi sakafuni.

Usidhani nakulaumu kwa kumwita. Najua hali yetu. Tangu ghala la korosho lifungwe na wafanyakazi wapunguzwe, Valerian amekuwa mtu wa kuziba pancha za baiskeli barazani, na wiki nyingine baiskeli haiji. Korosho siku hizi wanunuzi wamejaa, kila mmoja na mizani yake, lakini hakuna anayetafuta mtunza ghala. Mwanamume akikaa nyumbani mchana anaanza kutazama dari. Nilimwambia asiende, akaniambia, "Naty, mtoto atakula upepo?" Ndiyo sababu amekuja kwako, wala si kwamba nimekubali.

Ijumaa iliyopita, duka lilipofungwa kwa ajili ya sala, nilibaki kupanga bidhaa. Aliraza alikuwa ameniruhusu, nikawasha kompyuta. Gemu letu nililikuta vilevile ulivyoliacha siku ile ya mwisho, mlangoni pa pango la yule mfalme asiye na uso. Mstari wenu umepangwa: Valerian mbele, uhai wake umebaki nusu, na wewe nyuma yake na upinde wako. Ulikuwa tayari kuingia naye hivyohivyo, nusu mtu.

Nikamtoa Valerian mstarini. Nikakutoa na wewe. Nikaingia na Likwata, na bibi yetu, na mchawi wa Aliraza, na yule mwizi wa funguo asiyependwa na mtu. Hatukufika mbali. Mfalme alitupiga tukalala wote, na gemu likanirudisha kambini. Na pale kambini, kaka, mlikuwa mmekaa nyote wawili. Wewe unanoa mishale. Yeye ameegemeza ngao yake kwenye gogo, ananyoosha viganja kwenye moto. Sijawahi kushindwa nikafurahi vile. Niliwatazama tu, sikugusa kitu, mpaka umeme ukakatika.

Jana Mama alimwaga unga wa mtama kizingitini kuwaomba wahenga, kama bibi alivyomfundisha, halafu akachukua rozari yake, maana yeye haachi mlango hata mmoja bila kubisha. Akaita jina la Valerian na jina lako. "Nnungu awatangulie, wanangu," akasema. Niliitikia amina. Lakini mwoga haachi kuuliza, nikajiuliza moyoni: na baada ya Mungu, nani anafuata?

Hapo ndipo woga wangu unaponibana, kwa sababu nikimtoa Valerian mbele, nafasi yake unaingia wewe. Nawe ni kaka yangu, tumekula sahani moja. Isitoshe wewe ndiye mjomba wa huyu anayenipiga teke. Unajua kwetu mjomba ni nani. Mtoto akifiwa na baba, wazee husema, "Msilie sana, mjomba yupo." Sijawahi kusikia wanasema nini mjomba naye akiwa hayupo.

Basi sikiliza ombi langu, na ingawa mimi ni mdogo wako ulichukue kama la mtu mzima. Masika haya, mtu yeyote asiingie shimoni. Chekecheni mchanga wa mtoni, hata kama vijiwe vyake ni vidogo na madalali watawacheka. Wakicheka, wacheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi kilio nimekataa kukipokea hapa Ndoro. Na ikiwa wenzako watakulazimisha kupanga mstari, Valerian mwachie kazi ya kambini: apike ugali, alinde vyombo, ateke maji. Atakasirika. Atasema umemdharau, shemeji gani anamwita mtu kutoka Lindi aje kukoroga ugali. Mwache aseme.

Yeye hajui nimeandika haya. Anadhani nakusimulia habari za goti la Mama. Alipoona naandika ukurasa wa pili alisema, "Mwambie shemeji mbeba ngao yuko njiani," akacheka peke yake. Nikainamisha uso nisije nikaonekana.

Lori la chumvi linaloondoka Jumanne kwenda Masasi litampakia, na kutoka hapo atatafuta gari jingine. Nimemfungia mihogo mikavu, dagaa, na chupa ya mafuta ya nazi kwa ajili ya kifua chako. Upake usiku, usiyakaangie samaki.

Mama anakusalimu sana na anauliza lini utaleta mke. Aliraza anasema shikamoo na kwamba hakuna anayelipiga lile pango kama wewe, nami nikaendelea kukunja vitenge. Nisalimie Sipriani kama bado mnakaa kibanda kimoja, mwambie mama yake ni mzima na paa lake limeezekwa. Mungu awafunike kwa mkono wake, akaushe ardhi chini ya miguu yenu, na awaonyeshe njia ya kurudi mapema kuliko njia ya utajiri.

Sasa umefika mwisho, kaka. Inua macho umtazame. Ndiye huyo, mpana wa mabega, hasemi neno, anasubiri umwambie akae wapi. Mnyang'anye sururu umpe mwiko. Akinuna, mwache anune, na mwezi Juni, mtoto anapokaribia, nirudishie hivyohivyo, amenuna.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, na nikuogopeaye,

Natalia