Nimepokea, Nimeridhia

Mama,

Unanijua, hajazaliwa meneja wa kunitisha mimi. Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Nakwenda hospitali kusafishwa damu, nitarudi jioni.

Ile barua ya uhamisho imekuja asubuhi. Huko wanakonipeleka hakuna mashine ya kusafisha damu. Mtu wa chama cha wafanyakazi alinionya nisaini palipoandikwa "Nimepokea" tu, ili niweze kupinga kwa cheti cha daktari. Mimi nikasaini "Nimeridhia". ~~Nilikosea mstari.~~ Ndiye msomi wako wa kidato cha nne huyo!

Dada, aliyekuwa ameniletea dawa ofisini, anasoma hapa begani kwangu. Anasema, "Futa uongo huo. Meneja alikohoa tu, wewe ukasaini."

Kitindamimba wako,
mwenye figo za mapambo