Ruhusa ya Kufuata Kwaki

Bariadi, Jumanne

Miaka miwili zaidi! Leo binti yangu Kabula amepiga simu kutoka Ulaya kuniomba ruhusa ya kubaki huko. Anapima jinsi kwaki nzito mbili, chembe ndogo kuliko atomu, zinavyoshikamana pale protoni zinapogonganishwa. Muungano wenyewe huvunjika kabla ya kuonekana, hivyo wanapima vipande.

"Shahada tatu, binti yangu, za kuokota vigae!" nilimpongeza.

Mjomba wake Masanja, mfugaji wa Bukundi aliyekuwa amenitembelea, alininyang'anya simu.

"Ng'ombe aliyeibwa humwoni, lakini kwato zake zinakuambia ukubwa wake na alikopita. Si ndiyo?"

"Ndiyo hasa, mjomba!"

"Basi baki, mwanangu, umfuate."

Kabula akashukuru, akakata simu. Ruhusa ilikuwa yangu kuitoa.

Hongera kwangu, mwalimu mstaafu. Nina miaka sabini na minane, na miwili hiyo sina hakika kama ninayo.