Hewa Tulivu ya Mhandisi Radovan

Hedvika, niko chooni kazini, nimeomba dakika mbili. Nimefungua filamu isiyotakiwa mbele ya wanunuzi.

Unamjua mkuu wangu Radovan. Hewa ikichafuka ndani ya kompresa, zile mashine za kubana hewa tunazouza, yeye huisawazisha kwenye kompyuta mpaka inapita kati ya mapanga yanayozunguka kama maji ya kunawa. "Mteja hanunui misukosuko, binti."

Mimi, mwanafunzi wa jioni niliye kwenye majaribio mpaka Ijumaa, niliiacha kompyuta ihesabu mwendo halisi wa hewa kitambo kwa kitambo, siku tisa, mpaka ikatoa filamu. Hewa inabanduka kwenye panga, inaacha mkia wa vurugu, mkia unalipiga panga la nyuma. Unalipiga. Unalipiga tena.

Leo, mkono mmoja nina sahani ya koláče, vikeki vya wageni, mkono wa pili nikabonyeza filamu hiyo badala ya ile tulivu ya Radovan.

Radovan akacheka. "Hayo ni mapambo. Huyu ana mtoto mchanga, hapati usingizi."

Mapambo, Hedvika. Siku tisa.

Bi Drahomíra, mkubwa wa wanunuzi, akauliza, "Ya kweli ni ipi?"

"Ile tulivu," Radovan akajibu.

"Vizuri. Andika chini yake kwamba panga halitakatika, kisha utie saini." Akamsogezea kalamu.

Radovan akaitazama kalamu. Akaitazama tena. Kisha akanigeukia, akanipa cheo ambacho hapa Brno mtu hapewi hata kwa mzaha kama hana shahada.

"Mhandisi Vlasta," akasema, "hebu keti hapa, uwaeleze wageni filamu yako."