Swali la Yatima

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimefika! Kutoka Champlin mpaka Saint Paul na ile jam ya asubuhi ya huku ughaibuni, nusura nilie kwa usukani. Lakini leo ni leo. Mara ya kwanza mimi, Kendi, kuongoza ukaguzi wa misaada ya masomo ya serikali. Chuo kimetupa chumba cha vioo kando ya ofisi ya misaada. Meneja wangu Harrison amekuja kutoka Eden Prairie kunikabidhi kazi, na wimbo wake ni ule ule: hatumsaidii mtu, hatumwonei mtu, tunaangalia tu kama kanuni zimefuatwa. Sawa bosi.

Kompyuta imechagua mafaili ya kukagua. Mchana nimesoma kanuni mpaka chai ikapoa. Wacha! Kuna watu waliketi mahali wakamfikiria mtoto asiye na pa kulala, mtoto aliyewahi kuwa mikononi mwa korti, mtoto ambaye mwenyewe ni mama. Kila mmoja amepewa mstari wake. Nilidhani nitasinzia. Nimeshangaa tu.

Jumanne, 4 Novemba

Binti wa mapokezi amenisikia nikimgombeza Brandon kwa simu. (Mwanangu. Ameacha tena lunch yake nyumbani, na ananijibu kwa Kizungu!) Binti akaruka, akaniita shangazi kwa Kifaransa chao: Tantine, unasemaka Kiswahili! Anaitwa Natasha. Mkongo, mwaka wa pili wa unesi, chuo kinampa masaa machache ya kazi hapo mbele. Mcheshi, tumecheka mpaka Alice, mkuu wa ofisi hii, akachungulia.

Halafu akaniambia anaacha shule Krismasi. Anataka kazi ya kudumu kwenye nyumba ya wazee. Mama yake, Anastasia, anapiga shifti mbili na mgongo umekwisha. Na hizo overtime ndizo zinazomnyima mtoto ruzuku — serikali inaona mama anajiweza!

Nikasema pole. Akaendelea vile vile, mdomo umejaa karanga: mama alikufaka yeye Natasha akiwa na miaka sita, baba alitangulia. Nikamkatiza. Mama yupi tena? Akaniangalia kama mimi ndiye mgeni wa dunia hii. Mama Anastasia, si dada mukubwa wa mama? Alimbeba mgongoni kutoka Kivu mpaka kambini Uganda, na kutoka kambini mpaka hapa. Nikauliza kama alikabidhiwa mtoto na korti. Korti? Korti gani? Nani angeenda kortini kuomba mtoto wake mwenyewe?

Jina lake limo kwenye sampuli yangu ya mafaili. Faili safi kabisa, hakuna doa. Pale FAFSA, ile fomu ya msaada, inapouliza kama wewe ni yatima, ameandika hapana. Nikajifanya napiga tu stori: kwani kwenye swali la yatima ulijibu nini?

Akacheka. "Miye, orphelin? Tantine! Orphelin ni mutu asiye na mutu."

Nimerudi kwenye vioo vyangu nikakaa. Hata kwetu Meru nani angejibu vingine? Mama mkubwa ni mama. Haki, hata mimi ningeandika hapana.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempigia Harrison. Nilijiandaa aniambie, Kendi, wachana na hayo, faili ni safi. Mzee kafungua kitabu. Kisha akanisomea kanuni polepole kama mtu anayesoma msibani. Mtoto ambaye alipotimiza miaka kumi na mitatu au baadaye hana baba wala mama aliye hai, hata wawe walikufa zamani, anahesabiwa peke yake, hata kama leo ana mtu anayemlea. Mshahara wa mlezi hauguswi. Yaani Natasha angekuwa na ruzuku yote toka siku ya kwanza!

Harrison akasema si kosa la chuo, wao waliambiwa mama wakaandika mama. Lakini sasa tumejua, na chuo lazima kijue na kirekebishe. Kosa ni kosa hata kama aliyeumia si serikali. Huyu mtu nimekuwa nikimwita jiwe miaka yote hii.

Nimemweleza Alice. Ameshika kichwa. Miaka miwili, amesema, mara mbili. Natasha mwenyewe siruhusiwi kumwambia neno.

Alhamisi, 6 Novemba

Natasha ameniletea karanga. Nimezila na siri yake tumboni. Vibaya sana! Alice amemwita kesho, yeye na mama.

Ijumaa, 7 Novemba

Wako ofisini kwa Alice, ng'ambo ya korido, mlango wazi. Naandika ili nisitazame, na bado natazama.

Mama Anastasia amekuja moja kwa moja kutoka shifti, na sare yake ya zambarau. Mfupi! Sijui kwa nini nilimfikiria jitu. Amenisalimia kupitia mlangoni, jambo maman, kama tunajuana. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea — maneno tunayatupa kila harusi, na leo yamekaa kwenye kiti cha plastiki na viatu vimelowa theluji.

Alice anaeleza vizuri, kwa upole. Vyeti vya kifo havipo. Nani alikuwa anatoa vyeti siku zile? Kwa hiyo kunahitajika maelezo yenye sahihi ya mtu aliyeshuhudia. Na aliyeshuhudia amebaki mmoja. Aseme tu wazazi wa Natasha walikufa, lini na wapi. Natasha anarudi darasani Januari, na yeye mama anaacha shifti ya pili. Rahisi hivyo.

Natasha ndiye anayemtafsiria. Alianza mbio, na furaha yake yote. Sasa amefika kwenye lile neno la yatima. Ameliruka. Amesema mutoto wenye bazazi yake balikufaka.

Mama ameweka kalamu chini. Hajakasirika. Amemtazama mtoto wake usoni.

"Na miye niko nani?"

Alice anauliza, mama amesema nini? Natasha hatafsiri. Amesogeza kiti chake mpaka kimegusana na cha mama.